Karatasi ya Kusomea Juani

Simu ya kwanza yenye skrini ya karatasi ya elektroniki niliitoa kwenye ndoo. Fundi mmoja wa simu pale Kiserian huweka simu zilizokufa kwenye ndoo ya rangi, kisha huzichinja polepole: leo spika, kesho kitufe, keshokutwa kioo. Nilikuwa nimempelekea mulika mwizi yangu iliyoingia maji. Nikiwa nangoja, nikatia mkono ndoani nikaibuka na simu nyeusi, nyembamba ajabu. Fundi akaipachika betri. Maandishi yaliyotokea yalikaa kama yamepigwa chapa. Nikadhani ni stika ya dukani, nikaikuna kwa ukucha. Haikutoka.

"Hiyo ni Motofone, mwalimu," akaniambia. "Hebu toka nayo juani uone."

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo mtu hulazimika kuifunika simu kwa kiganja ndiyo aone ni nani anapiga. Ile simu ya ndoo ilisomeka vizuri nje kuliko ndani. Nikarudi nimeshangaa.

"Sasa mbona watu waliziacha?"

Akacheka. "Meseji, mwalimu. Hiyo simu na meseji hawakupatana."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya karatasi ya elektroniki, na kila nikidhani nimeielewa, jibu la fundi yule hunirudisha nyuma. Huu ni uvumbuzi ambao ungeapa ulibuniwa kwa ajili ya watu wa kwetu Ewuaso Kedong. Mimi nimeuona ukija mara mbili, na mara zote mbili ukaondoka. Sasa wanasema utakuja tena, safari hii ukiwa laini, unaokunjika, usiovunjika. Kabla haujafika, ni vizuri tukumbushane yaliyotokea.

Ewuaso Kedong iko chini kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, magharibi ya milima ya Ngong, ukishuka kuelekea Suswa. Kwetu jua halina adabu. Miti mingi ni migunga, na kivuli cha mgunga kimejaa matobo. Stima nayo ni hadithi ya karibu-na-mbali. Tangu 2018 umeme wa upepo wa Turkana unasafiri kutoka Loiyangalani kwa nyaya za kilovolti 400, zaidi ya kilomita 400 za minara, hadi kituo cha Suswa, hapo jirani. Umeme wa kuwasha nusu ya nchi unapita, lakini boma nyingi bado zinachaji simu kwa paneli ndogo ya sola, au mtoto anatumwa dukani na simu tatu mfukoni.

Sasa fikiria skrini ya kawaida, iwe ya simu, tableti au televisheni. Inatoa mwanga wake yenyewe. Ndani ya nyumba yenye giza inapendeza. Ukiitoa nje inabidi ishindane na jua, na kwetu hilo ni shindano ambalo jua halijawahi kupoteza. Unaongeza mwangaza, betri inakwisha. Unapunguza, huoni kitu. Karatasi haina shida hiyo kwa sababu haishindani. Inalichukua jua lenyewe, inalirudisha machoni pako. Kadiri jua linavyowaka ndivyo karatasi inavyosomeka.

Mtu wa kwanza kulifanyia kazi wazo la karatasi inayobadilika alisukumwa na shida inayofanana na yetu, ingawa yeye alikuwa ofisini. Miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox ya PARC huko Palo Alto, California, mwanafizikia Nick Sheridon aliona kwamba skrini za kompyuta za wakati huo zilikuwa hafifu, kiasi kwamba wafanyakazi walipunguza taa ndiyo waone walichoandika. Akataka skrini inayosomeka kwenye mwanga wa kawaida. Alichobuni mama zetu wangekielewa bila kuelezwa, kwa sababu kilikuwa shanga. Shanga ndogo mno za plastiki, upande mmoja nyeupe, upande wa pili nyeusi, zimelazwa ndani ya shuka nyembamba ya mpira, kila moja ikiogelea kwenye kishimo chake cha mafuta. Ukipitisha umeme, shanga inageuka. Ukiukata umeme, inabaki ilivyogeuka. Aliuita uvumbuzi huo Gyricon. Xerox, kampuni iliyotajirika kwa kuchapa juu ya karatasi halisi, haikuona haraka yoyote. Kazi ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka 10. Ilipofufuliwa na kuundiwa kampuni yake mwaka 2000, haikudumu, ilifungwa 2005.

Walioifikisha sokoni ni wengine. Mwaka 1997, Joseph Jacobson wa chuo cha MIT, pamoja na wanafunzi wake Barrett Comiskey na J.D. Albert na wenzao, walianzisha kampuni ya E Ink. Mwaka uliofuata walieleza mbinu yao katika jarida la Nature. Badala ya shanga zinazogeuka, walitengeneza vifuko vidogo vya mviringo, upana wake kama wa unywele, vyenye majimaji na chembe za rangi ndani. Katika aina iliyoenea baadaye, chembe nyeupe zina chaji ya aina moja na nyeusi chaji ya kinyume. Umeme ukivuta huku, nyeupe zinapanda juu. Ukivuta kule, nyeusi zinapanda. Ukikata, zinabaki zilipo, kwa miezi hata miaka. Umeme unatumika pale tu ukurasa unapobadilika. Kusoma kwenyewe ni bure.

Ule weupe ni dioksidi ya titani, rangi ile ile inayong'arisha rangi za kuta na dawa za meno. Madini ya titani Kenya ilikuwa nayo. Yalichimbwa Kwale na kuanza kusafirishwa kupitia Likoni mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Miaka 10 tuliuza mchanga mzito kwa meli, na weupe tukaununua ukirudi kwenye mikebe. Nalitaja hilo kupita tu, lakini lina undugu na mengine yanayofuata.

Sasa turudi kwenye ndoo. Motorola walizindua Motofone F3 huko India Novemba 2006. Ilikusudiwa watu wa nchi kama zetu, wale ambao hawajawahi kuwa na simu, wanaokaa juani, wanaochaji kwa shida. Wino wa elektroniki uliwekwa humo makusudi. Unene wa simu ulikuwa milimita 9, chaji ilikaa siku nyingi, na kulikuwa na sauti ya kumwongoza asiyejua kusoma. Ni kama mtu alikuja kukaa kwetu mwezi mzima akatusikiliza.

Kasoro ni kwamba alisikiliza nusu tu. Skrini ile haikuwa na vijidoti vya kuchora chochote. Ilikuwa na maumbo yaliyopangwa tayari, mistari miwili, kila mmoja herufi 6. Meseji ilipita mbele yako kidogo kidogo kama treni inayoonekana kupitia tundu la ufunguo. Waliobuni walifikiri kwamba maskini anataka kuongea tu, kusoma si mambo yake. Miezi minne baadaye, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom ikazindua M-PESA, na Kenya nzima, waliosoma na wasiosoma, ikaanza kuishi kwa meseji. Pesa ikawa maandishi. Mzee aliyeuza mbuzi sokoni Suswa alitaka kuona kiasi, jina, salio na ule msimbo, ambao peke yake haukutosha kwenye mstari wa herufi 6. Asiyejua kusoma alimpa mjukuu amsomee. Hapo ndipo nilipomwelewa fundi wa Kiserian. Simu ililiweza jua, ikashindwa na dharau ndogo iliyowekwa ndani yake kiwandani.

Mara ya pili uvumbuzi huu ulikuja ukiwa vitabu.

Kindle ya Amazon ilitoka Novemba 2007 kwa dola 399. Ilipozidi kushuka bei, watu wakaanza kufikiria shule za Afrika. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa 2010, lilianza majaribio Ghana, na 2011 likafika Kenya, katika shule ya Ntimigom huko Kilgoris, Umaasaini upande wa Narok, huku wachapishaji wa hapa kama Longhorn wakiingiza vitabu vyao. Baadaye likashirikiana na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, kuvisambaza vifaa hivyo katika maktaba za umma nchini. Hesabu yake ilieleweka. Shule isiyo na rafu ya vitabu inapata vitabu mia ndani ya kitu chenye uzito wa chapati mbili.

Kwetu walikuja watu wengine, wafadhili wadogo ambao sitawataja kwa sababu nia yao ilikuwa njema. Ilikuwa 2014, nami nikifundisha shule ya msingi. Sanduku lilikuwa na vifaa 20. Watoto waliviita tableti, jina la kila kitu bapa chenye skrini, lakini wiki moja tu ilitosha kuwafundisha tofauti. Tableti ya mwalimu mkuu ilikuwa inasomwa ofisini pazia likiwa limefungwa. Vya kwao walivisoma chini ya mgunga, wakivisoma hata wakitembea. Nilichaji mara moja kwa majuma mawili au matatu. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekuwa akichunga ndama jioni. Alikuja kuniomba ruhusa ya kwenda nacho nyumbani.

"Nataka kumsomea koko," akasema. Koko ni nyanya yake.

"Koko anajua Kiswahili?"

"Kidogo. Nitamgeuzia Kimaa."

Nikamruhusu, ingawa masharti ya sanduku yalikataza. Kwa wiki nyingi jioni hizo zilikuwa na hadithi. Alikuwa akinieleza asubuhi ni wapi koko alicheka na ni wapi alibisha. Hadithi ya mfalme aliyegawa nchi yake kwa mabinti alibisha usiku mzima. Nchi haigawiwi na mtu mmoja, alisema.

Halafu vioo vikaanza kwenda. Hakuna aliyevirusha. Mtoto mmoja alikalia begi lake. Mwingine alikumbatia begi kwenye boda boda iliyoruka tuta. Ajabu yake ni kwamba juu huoni ufa. Ngozi ya plastiki iko salama, unaigusa ni laini, lakini ndani kuna kitu kimepasuka, na kona moja ya ukurasa inaganda na mistari. Kufikia mwisho wa muhula wa pili tulibaki na 11. Nilijilaumu, nikiamini sisi ndio wazembe. Miaka kadhaa baadaye nikasoma kwamba katika majaribio ya Worldreader kule Ghana, takribani vifaa vinne kati ya kila kumi vilivunjika, na kwamba baada ya hapo walilazimika kutafuta vifaa na vifuniko vilivyo imara zaidi. Basi haikuwa sisi.

Kilichokuwa kikivunjika ni nini? Hapa ndipo penye moyo wa historia hii, na wengi hupapita bila kupaona.

Wino wa elektroniki haujawahi kuwa kitu kigumu. Vifuko vile hupakwa juu ya utando wa plastiki kama rangi inavyopakwa kitambaani. Ungeweza kuuviringisha tangu siku ya kwanza. Kilicho kigumu ni kilicho nyuma yake. Ili kila nukta ya ukurasa ijue igeuke nyeusi au nyeupe, lazima nyuma yake kuwe na transista, na transista hizo, laki kwa laki, zilijengwa juu ya bamba la kioo jembamba. Zilijengwa juu ya kioo kwa sababu kiwanda kinazioka kwa joto kali, na plastiki ya kawaida kwenye joto hilo hujikunja au huyeyuka. Kwa hiyo vifaa vyetu vyote vilikuwa karatasi laini iliyobandikwa juu ya kioo cha dirisha, mtoto akaambiwa: kimbia nacho.

Nimesema kioo cha dirisha, lakini hata hilo si kweli kabisa, na sisi wa Kajiado ndio tunaopaswa kulijua. Magadi iko kaunti yetu, katika eneo bunge lile lile la Kajiado Magharibi. Tangu kampuni ya magadi ianzishwe 1911, soda ya ziwa hilo imekuwa ikisafirishwa duniani kutengeneza vioo, chupa na sabuni. Kioo cha skrini hakiitaki. Sodiamu iliyomo ndani ya kioo cha kawaida hupenya na kuziharibu transista, kwa hiyo viwanda vya skrini hutumia kioo maalumu kisicho na soda. Kwa hiyo hata kioo kilichotuvunjikia hakikuwa na chembe ya kwetu ndani yake.

Kukiondoa kioo hicho kumewachukua watu miaka mingi. Mwaka 2003, wahandisi wa E Ink walionyesha katika Nature skrini ya wino wa elektroniki iliyojengwa juu ya karatasi nyembamba ya chuma, ikikunjika huku inaonyesha maandishi. Mwaka 2004 jeshi la Marekani likafadhili kituo cha skrini za kukunjika katika chuo kikuu cha jimbo la Arizona, kwa sababu askari naye hukaa juani na kuanguka anaanguka. Uholanzi, kampuni ya Polymer Vision iliyotoka tumboni mwa Philips ilitengeneza Readius, kifaa cha mfukoni ambacho skrini yake ilikunjuka kama barua. Ilifilisika 2009 kabla watu hawajakinunua. Uingereza, wanafizikia wa Cambridge walianzisha Plastic Logic mwaka 2000. Wao walibuni transista za plastiki zisizohitaji joto kali, wakajenga kiwanda Dresden, Ujerumani, na Januari 2010 wakaonyesha kifaa chao, Que, cha dola 649 kwenda juu. Mwezi huo huo Apple walitangaza iPad. Agosti, Que ikafutwa bila kuuzwa.

Waliokuja kufaulu walitumia ujanja wa mpishi wa chapati, yaani unaikanda na kuipika juu ya kitu kigumu, halafu unaibandua. Plastiki inayostahimili joto hupakwa juu ya kioo, transista zinajengwa juu yake, kisha plastiki inabanduliwa na kioo kinabaki kiwandani. Machi 2012, LG ya Korea ilitangaza skrini ya inchi 6 yenye uzito wa gramu 14, inayopinda nyuzi 40, iliyoangushwa kutoka mita 1.5 bila kudhurika. Mita 1.5 ni karibu kimo kizima cha mtoto wa darasa la sita. Mwaka 2013 Sony walitoa kifaa cha ukubwa wa karatasi ya ofisini chenye skrini ya plastiki, gramu 358 tu. Kilipofika Marekani mwaka uliofuata bei yake ilikuwa dola 1,100, na kilikusudiwa mawakili na maprofesa.

Hebu tazama tarehe hizo tena. Skrini isiyovunjika ilikuwa tayari kiwandani miaka miwili kabla ya sanduku letu kufika. Ilipelekwa kwa wakili, ambaye meza yake haina tuta. Watoto wa kwetu walipewa yenye kioo. Serikali nayo ilipogawa tableti za darasa la kwanza kuanzia 2016, zilikuwa za skrini ya kung'aa, za kusomea pazia likiwa limefungwa. Sidai kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Bei ndiyo iliyopanga. Lakini ukiwa upande unaopangiwa, tofauti huioni.

Kuna jambo la mwisho, na hili liliniuma kuliko vioo.

Mwaka wa pili, asubuhi moja nikafungua vifaa 11 vilivyobaki vikutane na intaneti ya simu yangu, kama nilivyofundishwa kufanya kila muhula. Badala ya kupata vitabu vipya, vya zamani vikaanza kutoweka, kimoja baada ya kingine. Nilipiga simu, nikatumwa kwa huyu, huyu akanituma kwa yule. Mwishowe nikaelezwa kwamba akaunti ilikuwa imefungwa huko iliko kwa sababu mradi ulikuwa umekwisha muda wake. Hapakuwa na ubaya wowote. Mtu alibonyeza kitufe mahali fulani, hadithi za koko zikazimika Ewuaso.

Wala sikuwa wa kwanza. Kifaa cha kwanza kabisa cha kusomea chenye wino wa E Ink, Librie ya Sony iliyotoka Japani 2004, kiliuza vitabu vilivyojifunga baada ya siku 60. Julai 2009, Amazon iliingia kimyakimya kwenye Kindle za wateja wake na kufuta vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo *1984*, riwaya inayohusu serikali inayofuta maandishi ya jana. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini kila mtu alikuwa ameshaona kwamba mkono unaofika hadi kitandani kwako upo.

Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1904, viongozi wa Wamaasai akiwemo Olonana walitia alama zao kwenye mkataba wa Waingereza uliowaondoa watu wetu kwenye malisho ya Bonde la Ufa na kuwapeleka sehemu mbili, kaskazini Laikipia na kusini. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, Laikipia ikachukuliwa. Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani 1913, wakaambiwa mahakama haina uwezo juu ya mkataba kama huo. Wino ulikuwa umekauka, karatasi ilikuwa ya kawaida, lakini mwenye kalamu alikuwa upande mmoja tu. Kwa hiyo mtu akija kuniambia habari za karatasi mpya ya ajabu, inayopinda, inayojifuta na kujiandika, swali langu la kwanza ni la zamani: anayefuta ni nani?

Naliuliza kwa sababu karatasi hii inarudi. Mwaka 2022 BMW walionyesha gari lililovikwa ngozi ya wino wa elektroniki, likibadilika kutoka nyeupe kuwa kijivu hadi nyeusi. London imejaribu ratiba za karatasi ya elektroniki kwenye vituo vya basi, zinazoendeshwa na sola. Walmart ya Marekani ilitangaza 2024 kwamba itaweka vibandiko vya bei vya kidijitali katika maduka 2,300, bei ibadilishwe bila mtu kupanda ngazi. Rangi zimeingia. Plastiki imechukua nafasi ya kioo kwenye vifaa vingi zaidi. Yote haya ni ya huko mbali, lakini hata mulika mwizi ilianzia mbali.

Ningepewa nafasi ya kuagiza, nisingeagiza gari linalobadilika rangi. Ningeagiza shuka moja ya karatasi hiyo, upana wa mlango, ibandikwe ukutani sokoni, na kipande cha sola cha ukubwa wa kitabu. Asubuhi ya soko iandikwe bei ya ng'ombe na mbuzi ilivyokuwa Suswa na Kiserian, kwa herufi ambazo mzee anaziona akiwa ng'ambo ya barabara, kwa Kimaa na Kiswahili. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kaunti ya Kajiado kila mwezi: mvua, malisho, hali ya mifugo. Inawekwa kwenye intaneti kama waraka mrefu wa Kiingereza. Ingefaa ifike pale ukutani ikiwa mistari mitano. Dalanzi anayemdanganya mchungaji bei angepata shida. Na ningeagiza vitabu, vile vile vya mwanzo, lakini vya plastiki, na vitabu vikishaingia viwe vimeingia, kama vya karatasi ya mti. Kitufe cha kufuta kikae shuleni, kwenye kabati, ufunguo kwa mwalimu na kamati ya wazazi. Na fundi wa Kiserian auziwe vipuri, asilazimike kuvichinja vya wengine.

Ni mambo madogo. Hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi mpya. Wino upo tangu 1998, na plastiki tangu 2012. Kilichobaki ni kuamua nani atauliziwa shida zake kabla kiwanda hakijawasha tanuri.

Yule msichana wa darasa la sita siku hizi ni mama, anaishi karibu na barabara ya Suswa. Mwaka jana nilipita kwake nikanywa chai. Kwenye rafu, katikati ya picha za harusi, kulikuwa na kimoja cha vile vifaa vyetu, kile cha kwake kilichovunjika. Katika lile sanduku, vilivyokuwa vizima ndivyo vilivyofutwa. Hiki, kwa kuwa kilishakufa, hakikuwahi kukutana na intanenti ile asubuhi. Nusu ya skrini ni mistari. Nusu ya chini bado ina aya moja na kipande, nyeusi juu ya kijivu, kama kilivyoachwa. Betri ilishakufa zamani.

"Koko alikataa nikitupe," aliniambia. Nyanya yake amefariki. "Alikuwa akisema hapo ndipo tulipofikia."

Akakichukua, akatoka nacho mlangoni penye mwanga, akanisomea.